Kubadili seva mbili chakavu, anwani zote zikibaki palepale

17 Februari 2025: tulichonacho

Mfumo ni wa chama cha akiba na mikopo chenye ofisi kuu Dar es Salaam na matawi Kibaha, Morogoro, Tanga na Ifakara. Seva ni mbili, zote Dell PowerEdge R710, zimewekwa kwenye kituo cha data cha kukodi. Tunalipia nafasi ya raki, umeme na intaneti. Vyuma ni vyetu wenyewe. Ya kwanza, ambayo humu naiita seva ya mbele, ndiyo inayopokea intaneti. Imebeba ukuta wa moto, VPN za matawi (njia za siri zinazounganisha matawi na seva kupitia intaneti) na barua pepe. Seva ya nyuma ina kanzidata na programu ya mikopo, na haionekani nje.

Zote mbili zinatumia mfumo endeshi wa CentOS 7, ambao uliacha kupokea masasisho tarehe 30 Juni 2024. Chama kinachoshika akiba za watu hakitakiwi kukaa hivyo. Juu ya hilo, seva ya nyuma imeanza kuwasha taa ya njano kwenye diski moja, na diski za aina ile siku hizi unazipata kwa mafundi wa vifaa vilivyotumika tu.

Sharti la mradi ni moja: mtandao usibadilike. Tuna anwani za umma kuanzia 203.0.113.2 hadi .5 (nimeweka za mfano, msizijaribu). Kampuni inayotupitishia malipo ya simu imeruhusu anwani moja tu kwenye mfumo wake, na kubadilisha ni barua, fomu na kungoja. Ruta za matawi zote zimeandikwa anwani ya seva ya mbele. Barua pepe nazo zimejenga sifa yake juu ya .3 kwa miaka. Ndiyo maana hatukuhamia seva za kukodi mtandaoni, ingawa wajumbe wawili wa bodi walitaka hivyo.

Wazo la kupandisha toleo juu kwa juu, bila kusakinisha upya, kwa zana iitwayo ELevate, kutoka 7 hadi 8 kisha 9, tumeliacha. Linawezekana, lakini likikwama katikati huna pa kurudi. Seva mpya pembeni ya ya zamani ina maana kwamba mambo yakiharibika unarudisha waya ulipokuwa.

3 Machi: manunuzi

Tumechukua Dell R640 mbili zilizotumika, zilizoletwa kutoka Dubai, RAM ya GB 64 kila moja, bila diski. Bei TSh 4,200,000 kwa moja. R710 inakula uniti mbili za raki na R640 inakula moja, kwa hiyo ada ya nafasi itapungua nusu. Kwa bodi, hoja hiyo ilikuwa na nguvu kuliko maelezo yote ya usalama.

Mambo mawili ya kuangalia kabla hujalipa. Kwanza trei za diski: muuzaji akisema "bila diski" mara nyingi ana maana bila trei pia, na trei za R710 haziingii kwenye R640. Zimetugharimu TSh 40,000 moja. Pili, leseni ya iDRAC, sehemu ya seva za Dell ya kuisimamia seva kwa mbali. Zetu zimekuja na Express, ambayo haikupi skrini ya seva kwa mbali. Leseni ya juu hatujanunua. Usiku wa kuhama tutakuwa mbele ya raki na skrini ya kuazima, basi.

Mfumo endeshi ni AlmaLinux 9, unaoahidiwa masasisho ya usalama hadi 2032. Mwenzangu alipendekeza Proxmox ili tugawe mashine pepe. Ni wazo zuri kwa mradi mwingine. Huu ni wa kutogusa mtandao, na Proxmox ingeongeza swichi pepe katikati ya vitu ambavyo tumeapa havitabadilika.

11 Machi: kuorodhesha mtandao uliopo

Seva ya mbele haijawahi kuzimwa tangu 2021. Hapo ndipo shaka inapoanzia, maana kwa muda wote huo watu wamekuwa wakiingia na kuongeza kitu kwa mkono, kikafanya kazi, wakaondoka. Faili zinasema hivi, seva inaishi vile.

Kwa hiyo tumechukua hali inayofanya kazi sasa hivi na kuilinganisha na faili: `ip addr`, `ip route show table all`, `ip rule`, `sysctl -a`, `ss -tlnp`, na `ipsec status`. Tofauti zilijitokeza mapema. Anwani .5 haikuwepo kwenye faili lolote. Iliwekwa kwa mkono na ndiyo inayotumiwa na mkaguzi wa nje kuingia. Kulikuwa na njia ya kuelekea mtandao wa kampuni ya malipo, nayo haikuandikwa popote. Umeme ungekatika kweli mwaka jana, tungeshinda kutwa tukitafuta mchawi.

Kanuni za ukuta wa moto tumezitoa kwa `iptables -S` na `iptables -t nat -S`, tukaziandika upya kwa nftables, mrithi wa iptables. Firewalld, programu inayokuandikia kanuni hizo yenyewe, tumeizima, kanuni zetu ni chache na tunataka kuziona zote kwenye faili moja.

*Nyongeza ya 9 Aprili: hatua hii ya ukuta wa moto msiinakili kama ilivyo. Someni 8 Aprili kwanza.*

20 Machi: VPN za matawi

Sehemu hii imekula muda kuliko zote. Matawi yanatumia ruta za MikroTik zenye IPsec (aina ya VPN yetu), na aliyeziweka aliacha chaguo-msingi za RouterOS 6, mfumo wa ruta hizo, zilivyo: SHA-1 na kundi la modp1024, njia za usimbaji za zamani na dhaifu. Libreswan, programu ya IPsec kwenye seva, ile ya CentOS 7 ilikuwa inapokea hayo bila neno. Libreswan mpya modp1024 haimo kabisa. Wameiondoa wakati wa kuitengeneza programu yenyewe, kwa hiyo hakuna mstari wa kuiwasha. Tungehamisha seva bila kujua hili, matawi yote manne yangelala siku moja.

Tiba ni kubadilisha matawi kwanza, seva ya zamani ikiwa bado kazini. Ile Libreswan ya zamani inaelewa modp1024 na modp2048 pia, kwa hiyo tuliiruhusu kupokea yote mawili:

`ike=aes256-sha2;modp2048,aes128-sha1;modp1024`

Kisha tawi moja baada ya jingine, jioni baada ya kufunga hesabu, tukapandisha ruta. Kibaha, Tanga na Morogoro zilikwenda vizuri. Ifakara ilitutoa jasho. Ruta ya Ifakara tunaifikia kupitia hiyohiyo VPN tunayoibadilisha, yaani unakata tawi ulilokalia. MikroTik ina Safe Mode: unabonyeza Ctrl+X kabla ya kuanza, na mawasiliano yakikatika mabadiliko yote yanarudishwa. Tuliiwasha, tukabadilisha kundi kwenye profaili, VPN ikakatika na haikurudi. Tukasubiri. Inachukua dakika kadhaa, inaweza kufika tisa, kwa sababu ruta lazima kwanza itambue kwamba mawasiliano yamekufa. Kisha Ifakara ikarudi na mipangilio yake ya zamani kama vile hakuna lililotokea.

IPsec huunganika kwa awamu mbili: ya kwanza pande mbili hutambuana, ya pili hukubaliana jinsi ya kusimba data. Kosa lilikuwa awamu ya pili. Libreswan isipoambiwa kundi la awamu ya pili, hutumia lile la awamu ya kwanza. Upande wa ruta, awamu ya kwanza ilikuwa tayari modp2048 lakini `pfs-group` ilibaki modp1024. Awamu ya kwanza ikapita, ya pili ikagoma, na kumbukumbu za seva zikajaa NO_PROPOSAL_CHOSEN, yaani pande mbili hazikukubaliana. Matawi mengine hayakuonyesha tatizo kwa sababu kule tulibadilisha vyote viwili kwa mkupuo mmoja. Safari ya pili tukafanya hivyo hivyo Ifakara: mistari yote ikaandikwa pamoja, ikabandikwa mara moja.

Funguo za siri za VPN hazijaguswa. Zitabadilishwa, ila si wakati mmoja na hili. Ukibadilisha vitu viwili kwa pamoja na kitu kikakataa, hujui umlaumu nani.

28 Machi: majaribio kwenye mtandao wa bandia

Ofisini tumejenga nakala ya mtandao wa kituo cha data: swichi ndogo isiyounganishwa popote, na MikroTik ya akiba tuliyoipa anwani .1 ili iigize ruta ya kituo. Seva mpya zimepewa anwani zao halisi humo ndani. Haina gharama na imeokoa mengi.

Majina ya kadi za mtandao yamebadilika. Kilichokuwa em1 sasa ni eno1, na kanuni zote zenye jina la kadi ilibidi zipitiwe. Faili za NetworkManager tulizozinakili zilipuuzwa kimya kimya mpaka tulipozipa ruhusa ya 600 na kumilikiwa na root. Faili linalosomeka na kila mtu haliguswi, na onyo liko kwenye kumbukumbu tu.

Kanzidata: kutoka MariaDB 5.5 kwenda 10.5 kwa `mysqldump`, imeingia. Programu ya mikopo ilikuwa shughuli nyingine, maana iliandikwa kwa PHP 5 ikitumia vitendaji vya `mysql_` vilivyoondolewa tangu PHP 7. Mwandishi wake bado yupo mjini, amezibadilisha kwa TSh 1,500,000. Baada ya hapo fomu ya mwanachama mpya ikakataa kuhifadhi. MariaDB ya sasa haikubali herufi tupu kwenye safu ya namba, wakati ile ya zamani ilikuwa ikiandika sifuri na kunyamaza. Tumelegeza `sql_mode`, mpangilio wa ukali huo, kwa muda. Mwandishi anasema ataisafisha, na mimi nimeweka tarehe ya kumkumbusha.

5 hadi 6 Aprili: usiku wa kuhama

Tarehe ilichaguliwa kwa kalenda. Mwisho wa mwezi umepita, Idi imepita, Jumatatu tarehe 7 ni Sikukuu ya Karume, kwa hiyo matawi yamefungwa mpaka Jumanne. Wiki mbili kabla tulipeleka fomu kwa kituo cha data yenye anwani za MAC (namba ya kipekee ya kila kadi ya mtandao) za kadi mpya. Fanyeni hivyo mapema: swichi nyingi za vituo hivi zimefungwa zikubali MAC zinazojulikana tu, na ukichomeka nyingine poti inazimwa, huku mwenye mamlaka ya kuiwasha amelala nyumbani.

Saa 4 usiku tulifunga mfumo, tukatoa nakala ya mwisho ya kanzidata, tukaihamisha. Saa 7 kasoro waya wa intaneti ulitoka R710 ukaingia R640. Matawi manne yaliunganika ndani ya dakika chache, tukapeana mikono. Mapema mno.

Kujaribu kutoka nje kwa simu: .2 inajibu. .3 kimya. .4 kimya. .5 kimya. Kwenye seva anwani zote zipo, `ip addr` inazionyesha, ukuta wa moto tumeulegeza kabisa, bado kimya. `tcpdump`, inayoonyesha pakiti zinazopita kwenye kadi, ikatoa jibu: pakiti za .4 hata hazifiki kwenye kadi.

Sababu ni hii. Ruta ya kituo inakumbuka kwamba anwani fulani ya IP iko kwenye MAC fulani. Seva mpya ilipoanza kuongea na ruta, iliuliza kwa jina la .2, ruta ikasikia na kusahihisha kumbukumbu yake ya .2. Hizo nyingine hazina sababu ya kuuliza chochote. Zinakaa zikingoja kutafutwa. Kwa ruta, .3, .4 na .5 zilikuwa bado kwenye R710 iliyochomolewa waya. Ruta za Cisco, kwa mfano, zisipobadilishwa hukaa na kumbukumbu hiyo kwa muda wa saa nne. Ungeweza kulala tu na asubuhi ukakuta imejitengeneza, usijue kilichokuwa kimetokea.

Dawa ni seva kujitangaza yenyewe kwa kila anwani:

`arping -U -c 3 -I eno1 203.0.113.3`

na vivyo hivyo kwa .4 na .5. Sekunde ile ile zikajibu. Amri hizo sasa ziko kwenye hati ndogo inayoendeshwa kila kadi inapowashwa. Kwenye mtandao wa bandia tatizo halikujitokeza, kwa sababu MikroTik ile haikuwahi kuiona R710 hata siku moja. Haikuwa na cha kukumbuka. Anayetaka jaribio kamili aanze na seva ya zamani kwenye swichi hiyo, ndipo aichomoe na kuweka mpya.

Jambo jingine lilifuata: malipo yalikuwa yanaingia vizuri kupitia .4, lakini tukiuliza hali ya muamala kampuni inatukataa. Tulikuwa tunatoka kwa .2. Kwenye faili la nftables mstari wa `masquerade`, unaotoa kila kitu kwa anwani ya kadi, ulitangulia ule wa `snat`, unaotoa kwa .4, na wa kwanza kulingana ndio unaoshika. Tukaupandisha wa `snat` juu. Saa 10 alfajiri tulifunga raki.

Seva za zamani zimebaki zimewashwa, bila waya wa intaneti.

8 Aprili: "inazunguka tu"

Jumapili na Jumatatu tulijaribu kila kitu tulichoweza kukifikiria kutoka Dar, na ping kwa kila tawi. Safi. Jumanne saa 3 asubuhi simu ikaita kutoka Morogoro. Dada wa dirishani: "Kaka, kuingia naingia, mwanachama namwona, ila nikiomba taarifa ya mkopo inazunguka tu." Baada yake Tanga, maneno yaleyale. Ifakara vilevile. Kibaha hawana shida yoyote, na mwanzoni hilo lilitupoteza, kwani tulidhani ni programu mpya ya PHP.

Kurasa ndogo zinafunguka na kubwa zinakwama: hiyo ni dalili ya ukubwa wa pakiti. Kutoka seva ya nyuma, `ping -M do -s 1200` kwenda Morogoro inarudi, `-s 1400` hairudi. Kwenye `tcpdump` unaona seva inatuma pakiti kubwa, haijibiwi, inaituma tena ileile, na tena, mpaka kivinjari kinakata tamaa.

Morogoro, Tanga na Ifakara wanapata intaneti kwa PPPoE, aina ya laini ambayo kikomo cha pakiti yake ni baiti 1492 badala ya 1500. Juu ya hapo IPsec inaongeza mzigo wake. Pakiti iliyojaa ikifika sehemu nyembamba ya njia, ilitakiwa kifaa cha hapo kirudishe ujumbe kwamba ipunguzwe, lakini ujumbe huo mahali fulani njiani unatupwa. Kibaha wana laini ya 1500 kamili. Kwao seva ya mbele inajua yenyewe ukubwa unaofaa na inaiambia seva ya nyuma moja kwa moja.

Basi kwa nini seva ya zamani haikuwa na tatizo? Tuliiwasha skrini, tukaandika `iptables-save`, na mstari ukawa huo hapo kwenye jedwali la mangle:

`-A FORWARD -p tcp --tcp-flags SYN,RST SYN -j TCPMSS --set-mss 1360`

Mstari huo unaziamuru pande mbili zisitume zaidi ya baiti 1360 za data kwa pakiti moja. Kati ya majedwali ya kanuni, `iptables -S` huonyesha la filter peke yake. Tarehe 11 Machi tuliongeza nat, mangle tukaisahau. Aliyeandika mstari ule alikwishapambana na jambo hili zamani, akalimaliza bila kuacha hata neno moja la maelezo.

Kwa nftables, ndani ya mnyororo wa forward:

`tcp flags syn tcp option maxseg size set 1360`

Toleo la `set rt mtu` mnaloliona kwenye mifano mingi, linaloiachia seva ipime ukubwa yenyewe, halitoshi hapa, kwa sababu VPN yetu haina kadi yake yenyewe na seva haijui wembamba wa PPPoE upande wa pili. 1360 inaacha nafasi ya kutosha kwa vyote viwili. Saa 5 kasoro Morogoro wakachapisha taarifa ya kwanza. Mhasibu mkuu aliuliza kama asubuhi iliyopotea nayo itaandikwa kwenye gharama za mradi. Nimeiandika.

Juu ya mstari huo, kwenye faili, nimeweka maelezo marefu kuliko mstari wenyewe.

14 Aprili: nakala za akiba

Kifaa cha kuhifadhia nakala za akiba pale ofisini kilikuwa kinaingia kwenye seva kila usiku kwa ufunguo wa RSA. Tangu kuhama hakijaingia hata mara moja, na hakikutoa taarifa. AlmaLinux 9 haikubali sahihi za SHA-1 na kifaa ni cha zamani, hakijui nyingine kwa RSA. Mitandaoni utashauriwa uandike `update-crypto-policies --set LEGACY`. Itafanya kazi, na itailegeza seva nzima kwa ajili ya kifaa kimoja. Tumekitengenezea kifaa ufunguo wa aina nyingine, ECDSA, ambao kinauelewa, na usiku huohuo nakala zikaingia. Tumejaribu kurejesha moja kwenye kompyuta ya pembeni, imefunguka.

30 Aprili: hesabu na yaliyobaki

Seva mbili TSh 8,400,000. Diski nne za SSD za GB 960, TSh 1,920,000. Trei TSh 160,000. Mwandishi wa programu TSh 1,500,000. Usafiri na posho za usiku TSh 180,000. Jumla TSh 12,160,000, bila kuhesabu ile asubuhi ya matawi matatu. Ada ya raki imeshuka kwa TSh 300,000 kwa mwezi, kwa hiyo vyuma na kazi vitajilipa kwa miaka mitatu na miezi kadhaa, kama bei haitapandishwa.

R710 zimezimwa leo, baada ya hesabu za mwisho wa mwezi kufungwa kwenye mfumo mpya bila tatizo. Fundi mmoja anazitaka kwa vipuri. Atachukua maboksi, RAM na vyanzo vya umeme; diski haziuzwi. Zina majina, mishahara na mikopo ya wanachama, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 haimwachi salama anayeuza diski yenye hayo. Zitafutwa kwa `shred`, ile yenye taa ya njano itatobolewa kwa drili kwa sababu haitabiriki kama itakubali kufutwa mpaka mwisho.

Bado: kubadilisha funguo za siri za VPN, tawi kwa tawi, kurudisha `sql_mode` ilivyotakiwa mwandishi akimaliza, na kuzima na kuwasha seva ya mbele kwa makusudi Jumapili moja ya Mei, kuona kama kila kitu kinarudi chenyewe bila mtu kugusa kibodi.